Duara la Mtaa wa Wahunzi

Mongi mhunzi si mtu wa kushtuka ovyo. Lakini Ijumaa ile, saa mbili na robo asubuhi, alipokuta komeo la ghala limesukumwa mpaka mwisho, alitua karai lake la makaa akaanza kusoma dua. Ghala lenyewe liko chini ya ardhi, ndani ya nyumba kongwe katika medina, mji wa kale wa Sfax, nyumba ambayo warithi wake wamegombana mpaka wakaisusa. Zamani kulikaa mitungi ya mafuta ya zeituni. Siku hizi Mongi huweka humo makaa yake bila kumwomba mtu ruhusa, na mlango haufungi, maana komeo ni zito na hakuna cha kuiba.

Alilivuta kwa mikono miwili. Chini ya ngazi alimkuta Si Taoufik Ellouze, yaani Bwana Taoufik, amelala kifudifudi, hedifoni shingoni, vidole vimechubuka kwa kugonga mbao. Alikuwa bado anapumua, kwa shida. Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari, na sindano zake zilikuwa nyumbani.

Inspekta Naziha Mnif alifika wakati gari la wagonjwa limeshaondoka. Ni mwanamke wa makamo, magoti mabovu, mdomo mkali, na medina haipendi hata kidogo. Husema vichochoro vyake vilijengwa na mtu aliyekuwa na ugomvi na mabega ya watu. Kitu cha kwanza alichofanya kiliwashangaza askari wake. Aliingia ghalani, akaamuru afungiwe, kisha askari mmoja aende barabarani asikilize. Alipiga kelele humo mpaka sauti ikamkauka. Alipofunguliwa alitoka ametota jasho, ameshika ukuta, na yule askari akaapa kwamba hakusikia hata mnong'ono.

"Kwa hiyo aliita usiku kucha," Naziha alisema. 

Si Taoufik alikuwa anajulikana mji mzima. Alikuwa fundi wa sauti wa redio, na alipostaafu akaanzisha kitu kinachoitwa Hna, yaani hapa. Ni programu ya simu. Mtu yeyote anarekodi sauti ya mahali anapoishi, kelele za wauza samaki, bibi anayetwanga viungo, mlango unaolia, kisha anaichorea duara kwenye ramani. Baadaye mwingine akipita pale na hedifoni masikioni, akiingia tu ndani ya duara, sauti inaanza yenyewe bila kubonyeza chochote. Akitoka, inakoma. Mji mzima ulikuwa umejaa maduara hayo, ya mamia ya watu, na walioyalea walikuwa wanne tu: Si Taoufik mwenyewe, mtunga programu Hajer Fourati, mwanamuziki Nizar Kammoun, na Rafika Masmoudi, aliyeongoza matembezi.

Hna ilikuwa na sheria mbili, na mzee alizishika kwa meno. Ya kwanza, sauti huwekwa pale pale iliponaswa, si kwingine. Ya pili, hakuna sauti mpya inayofunguliwa kwa umma kabla yeye hajaitembelea kwa miguu yake. Sauti mpya ilikaa kwenye ramani kwa rangi ya manjano ikimsubiri. Alikuwa akienda peke yake, jioni, hedifoni zimeziba masikio, hata ukimsalimia hakusikii. Ndiyo kusema, mtu akitaka kumwita Si Taoufik popote alipotaka, alichohitaji ni duara moja la manjano.

Na duara lilikuwepo. Kwenye simu ya mzee lilionekana la mwisho kabisa: kinu cha zeituni, limewekwa Alhamisi saa kumi na moja jioni. Alikuwa ameitafuta sauti hiyo kwa miaka, ya mawe ya kale yakisaga, na wenzake wote watatu walijua. Jina la aliyeiweka: Hajer Fourati.

Kabla ya saa sita mchana Hajer alikuwa mahabusu.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, mwenye tabia ya kujibu swali kabla halijaisha. Chumba walichomweka hakikuwa na dirisha, na kila mlango wa nje ulipogongwa alikuwa akiinuka na kukaa tena. Naziha alimwambia mambo yalivyo. Mwendesha mashtaka anataka apelekwe gereza kuu kesho Jumamosi adhuhuri. Na akishafika huko, hata kama hana kosa, kesi hulala miaka.

"Sikuweka sauti ile, Lella Naziha," Hajer alisema, akimwita kwa heshima kama Bibi. "Alhamisi nilitoka ofisini saa tisa, nikapanda basi, nikalala. Kompyuta ya ofisini huwa wazi kwa jina langu kuanzia asubuhi. Kila mtu anaitumia."

"Kila mtu nani?"

"Sisi. Nizar, Khalti Rafika, mimi."

"Na ulikosana na mzee."

Hakukataa. Walikuwa wamegombana Jumatano, mbele ya watu. Mzee peke yake ndiye aliyekuwa na neno la siri la kuondoa sauti, na Hajer alitaka wapewe wawili. Zaidi ya hapo, mzee alikuwa amegundua kwamba sauti kadhaa hazikunaswa mahali zilipowekwa, na alikuwa ameapa kuziondoa zote Jumamosi. Zipi, Hajer hakujua vizuri. Ya Nizar ilikuwamo, na nyingine za watu wa matembezi.

"Lile duara," Naziha aliuliza, "limechorwa juu ya karakana ya Mongi, mtaa wa wahunzi. Mzee amekutwa ndani ya nyumba, mtaa wa pili. Alifikaje huko?"

Hajer alitikisa kichwa. "Mimi nachora nikiwa mezani, Lella. Siendi huko. Wanaotembea ndio wanaorekebisha. Tafadhali, mlango huu unaweza kuachwa wazi kidogo?"

Haukuweza. Naziha alitoka na lile swali kichwani. Askari wake alishalijibu: mzee alipigwa mtaa wa wahunzi, akabebwa. Na kubeba mzee mnene namna ile kunahitaji mwanamume. Wakamwendea Nizar.

Nizar Kammoun ni mrefu, ana ndevu zilizochongwa, na anaongea kana kwamba kuna mtu anamrekodi. Alisema Alhamisi jioni alikuwa nyumbani anatunga. Majirani wakasema nyumba ilikuwa giza. Akasema alikuwa matembezini. Wapi? Pwani. Pwani ipi? Akaanza kutafuna kucha. Naziha akamwambia avae viatu, na askari alikuwa ameshatoa pingu, ndipo bwana mkubwa akaomba waongee faragha.

Ukweli ni kwamba alikuwa harusini, barabara ya El Ain, anapiga kinanda. Nyimbo za kukata viuno, tangu saa kumi jioni mpaka alfajiri, amevaa koti la kumetameta. Huyu ndiye aliyezoea kusema gazetini kwamba muziki wa harusi umeua masikio ya taifa. Video zilikuwepo, na katika mojawapo shangazi wa bibi harusi anampachika noti kifuani. Naziha aliitazama mara mbili, na mara ya pili haikuwa kwa sababu za upelelezi.

"Inspekta, nakuomba," Nizar alisema. "Hajer asijue."

"Hajer yuko selo bila dirisha, kaka. Koti lako ndilo jambo la mwisho analolifikiria."

Akabaki Rafika. Vijana wote walimwita Khalti, kama unavyomwita mama mdogo, na ilimfaa: mama wa miaka hamsini na mitano, kilemba safi, sauti ya chini. Alimkaribisha Naziha ofisini, akammiminia chai yenye lozi, akamlilia Si Taoufik machozi ya kweli. Alhamisi, alisema, alirudi nyumbani baada ya sala ya alasiri na hakutoka tena. Anaishi peke yake, hakuna wa kumshuhudia. Kuhusu Hajer alisema kwa kusitasita kwamba ni mtoto mwema, ila ana hasira, na hasira haina macho. Kisha akauliza hospitali wanasemaje. Naziha akasema bado.

Naziha alipokuwa anaondoka, Rafika alimshika mkono na kumuuliza kama Hajer akikutwa na hatia atafungwa muda mrefu. Naziha alidhani ni huruma.

Saa tisa alasiri, kwa sababu hakuwa na njia nyingine, inspekta aliweka programu ya Hna kwenye simu yake, akaifungua kwa akaunti ya mzee ili asikie hata za manjano, akaazima hedifoni za mwanawe, na kuingia medina kutokea lango la Bab Jebli. Magoti yalimuuma tangu ngazi ya kwanza. Maduara yalikuwa yanafunguka moja baada ya jingine: punda, redio, mtu anayehesabu mayai. Kwenye kona moja karibu na duka la viungo akaingia ndani ya sauti ya kijana. Ilimjia karibu sana, kama anayesema nyuma ya shingo yake.

"Yumma, mama, usifunge mlango. Narudi sasa hivi."

Kisha kicheko kidogo, na upepo. Basi. Naziha alirudi nyuma hatua chache, akaingia tena. Upepo ule ulikuwa mkubwa, wa mahali peupe, na chini yake maji yalikuwa yanapiga. Aliangalia kuta za pande mbili. Mahali pale hata jani halitikisiki.

Aliuliza dukani. Muuza viungo alimjibu bila kuinua macho kwamba ni Wajdi, mtoto wa Rafika. Alipanda mashua ya kwenda Italia miaka minne iliyopita na hawakufika. Wala maiti haikuonekana. Mama yake anakaa mlango ule wa kijani, na kila jioni akitoka kazini husimama hapo konani na hedifoni zake. Wateja wamezoea, wanampitia pembeni.

Naziha aliendelea mpaka kwenye ile nyumba. Kutoka sokoni kwenda huko njia yote imefunikwa kwa dari za mawe, na baada ya hatua chache akahisi amezikwa. Alishuka mpaka kwenye mlango wa ghala, akaweka mkono kwenye komeo, akaitazama simu yake ajue yuko wapi.

Simu ilimwambia yuko katika karakana ya Mongi, mtaa wa wahunzi.

Aliitikisa. Akatoka, akarudi. Kila aliposimama mbele ya mlango ule, kitone chake kwenye ramani kilikwenda kukaa mtaa wa pili. Mawe yalikuwa yanaipotosha simu, na yalikuwa yanaipotosha upande uleule kila mara. Na sauti ya kinu, ambayo bado ilikuwa ya manjano, haikuanza alipokwenda mtaa wa wahunzi kwenyewe, ambako simu ilipotoshwa kwenda kwingine. Ilianza hapa, penye komeo, masikioni mwake, na ilikuwa ndogo kiasi kwamba ili uisikie vizuri ungetaka kusogea, ushuke ngazi moja, ngazi mbili. Naziha alijikuta ameshashuka tatu. Aliruka kutoka nje kwa kasi ambayo magoti yake hayakuijua tangu ujana.

Kwa hiyo hakuna aliyembeba mzee. Alikuja kwa miguu yake, na aliyelichora duara lile aliwahi kusimama mlangoni hapa na simu, akajua itadanganya na itadanganya kwenda wapi.

Simu ileile ikalia mkononi. Ilikuwa hospitali. Si Taoufik alikuwa amefariki alasiri ile bila kusema neno. Naziha aliwaomba wasimwambie mtu mwingine yeyote zaidi ya mkewe mpaka kesho, na mke akakubali.

Jumamosi saa tatu asubuhi aliwakusanya wote uani mwa nyumba ile. Hajer aliletwa na pingu, macho mekundu. Alitazama mlango wa ghala, akageuka upande mwingine. Nizar alisimama mbali. Rafika alikuwa na mfuko wa mikate aliyomletea Hajer, na aliomba aruhusiwe kumpa. Naziha akasema ngoja kwanza.

Jambo alilotaka lilikuwa dogo. Kila mmoja, peke yake, ndani ya chumba cha pembeni, apewe simu yenye ramani na achore duara ambalo mtembezi atalisikia akisimama mbele ya mlango wa ghala. Basi. Nizar alilichora juu ya nyumba, akatoka baada ya nusu dakika. Hajer, akiwa na pingu, alilichora juu ya nyumba. Rafika alikaa kidogo zaidi. Naye akalichora juu ya nyumba.

Naziha aliomba kiti, maana magoti yalikuwa yamechoka na alijua maneno yatakuwa mengi.

"Nizar, umekosea," alisema. "Duara lako halitasikika hapa. Hajer, na wewe umekosea. Mawe haya yanaipeleka simu mtaa wa wahunzi. Hamkujua, kwa sababu mmoja wenu anakaa mezani na mwingine anakaa gazetini." Akamgeukia Rafika. "Khalti, wewe pia umekosea."

"Mimi mama mtu mzima," Rafika alisema. "Mambo ya ramani yananichanganya."

"Hajer, maduara yote ya soko hili lenye dari, nani aliyeyasogeza mpaka yakakaa sawa?"

 Hajer alikuwa ameelewa, na haikumfurahisha. "Khalti," alisema polepole. "Yote. Kila wiki anapita anayarekebisha. Huwa ananicheka kwamba mimi nachora mji wa karatasi."

"Miaka mitano unayasogeza," Naziha akamwambia Rafika, "na hujawahi kukosea hata moja, nimeyapitia jana mpaka nikashikwa na kichwa. Leo tu, kwenye mlango huu tu, umesahau. Wenzako wamekosea kwa kutojua. Wewe umekosea kwa makusudi, ili ufanane nao. Njia ya mwongo ni fupi, Khalti."

Rafika aliutua mfuko wa mikate juu ya jiwe. Hakulia. Aliuliza swali moja tu, kama Si Taoufik atapona.

"Amekufa jana alasiri."

 Rafika alikaa chini uani, mgongo ukutani. Alipoanza, alizungumza kana kwamba yupo peke yake na inspekta.

Mzee alisikia bahari kwenye sauti ya Wajdi. Ujumbe ule mtoto aliutuma kutoka ufukweni, usiku wa kuondoka, akimdanganya mama yake kwamba yuko nje anarudi. Rafika aliuweka pale konani, karibu na mlango wao, na kwa miaka minne hakuna aliyegundua. Si Taoufik aligundua. Akamwambia kwa upole kwamba sheria ni sheria, sauti ya ufukweni haiwezi kukaa sokoni, na Jumamosi ataiondoa. Rafika alimsihi. Alimpigia magoti ofisini, na mzee akamwinua na kumwambia anayo nakala kwenye simu yake, asikilize nyumbani.

"Nyumbani nikiibonyeza ni simu tu inaongea," Rafika alisema. "Pale sibonyezi kitu. Naja zangu na mfuko wa vitunguu, nimechoka, ananiita. Ananiita yeye. Mnaelewa? Niliacha mlango wazi miaka minne kwa sababu ananiambia nisifunge."

Alitaka mzee alale usiku mmoja amefungiwa, gizani, akiita bila kujibiwa, aone maisha anayoishi yeye. Kwa hiyo alimvizia, na mzee aliposhuka ngazi na hedifoni masikioni, akasukuma komeo; asubuhi angemfungulia. Alitumia jina la Hajer kwa sababu mzee asingekwenda kwenye duara la Rafika baada ya yale yaliyotokea kati yao ofisini, na kompyuta ilikuwa wazi. Sukari ya mzee hakuikumbuka. Asubuhi alirudi mapema, akagonga mlango, akaita. Hakujibiwa. Akaogopa kufungua, akaondoka.

"Ungefungua," Naziha alisema, "pengine angepona."

"Najua."

Askari alimfungua Hajer pingu. Binti alisugua vifundo vya mikono, akamsogelea Rafika mpaka wakawa uso kwa uso, mmoja amesimama, mwingine amekaa. Alimuuliza kwa nini alinyamaza siku nzima huku akijua yeye yuko ndani. Rafika akamwambia ukweli, nao ulikuwa mbaya kuliko uongo: alifikiri kwamba Hajer ana mama, na mama yake angehangaika mpaka amtoe.

"Mwanangu wewe," alisema, "sikuombi unisamehe. Neno la siri sasa mtapewa nyinyi. Nakuomba kitu kimoja. Usimwondoe Wajdi."

Nizar aliangalia pembeni. Naziha, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha na angeweza kumwinua yule mama waondoke, alisubiri. 

"Sitamwondoa, Khalti. Atabaki palepale ulipomweka, konani, kwa yeyote atakayepita." Hajer alifuta pua kwa mkono wa shati. "Ila wewe hutapita."

Rafika alimtazama kama aliyeambiwa jambo kwa lugha ngeni. Kisha akaelewa. Akageukia inspekta, akamuuliza kama gari la polisi limesimama upande wa Bab Jebli. Naziha akamjibu kwamba hapana, limesimama Bab Diwan, upande wa pili wa mji, na njia ya kwenda huko haipiti konani. Akamshika mkono, wakatoka.